Neno Nililomwandikia Dada Yustina

Mwanangu, kabla hujaanza kuwaandikia watu barua, mimi mama yako mdogo nikusimulie shaka iliyoninyima usingizi mwaka ule niliporudi Makanyagio na digrii yangu: je, ni mimi niliyemkosesha kazi dada Yustina?

Nakumbuka alikuja asubuhi kutoka Sibwesa, midomo bado imepauka. Malaria ilikuwa imemlaza wiki nzima, akakosa mafunzo ya mradi mmoja wa nyuki. Wenye mradi walitaka maelezo kwa Kiingereza.

"Wewe ndiye msomi wetu," akacheka. "Waambie niliumwa ila nimepona, wasije wakampa mtu mwingine nafasi yangu."

Sentensi moja ilinikalisha tangu chai mpaka mchana. "Sick" niliiona nyepesi, neno la shule ya msingi. Nikaweka "sickly", maana ilionekana ya kisomi. La kwanza humsema mtu anayeumwa tu, na kesho anaweza kupona. La pili humsema mtu dhaifu wa afya, wa kuugua kila mara. Nilihisi ipo tofauti, mwanangu, lakini niliona aibu kufungua kamusi mbele yake.

Majibu yalikuja kwa upole. Kazi yao ni ya kutembea porini kutwa nzima kukagua mizinga, basi wanamtakia afya njema. Nafasi wamempa mwingine.

Siku hiyo ndipo nilipofungua kamusi. Kisha nikanyamaza karibu mwezi, nikipanga na kupangua namna ya kumwambia, naye huku akijilaumu kwamba alichelewa kupeleka barua. Kimya kile kinaniuma kuliko neno lenyewe.

Mwishowe niliwaandikia wenye mradi barua ya kusahihisha, nikapanda gari la asubuhi kwenda Sibwesa. Nilimkuta anapalilia mahindi. Nikamweleza yote, bila kujitetea.

"Sasa si ungeniuliza?" akasema. "Kiingereza sikijui, lakini malaria yangu naijua."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusikia. Haya, shika jembe, msomi, umesimama kama mgeni."

Nafasi haikurudi. Ila tangu siku ile siandiki habari za mtu bila kumsomea kwa lugha anayoielewa, na kungoja mpaka aseme ndivyo. Nawe fanya hivyo, mwanangu. Ukikosea, kamwambie siku hiyohiyo, usisubiri upate maneno mazuri. Mungu aubariki mkono wako, na akuondolee aibu ya kuuliza.