Gari au Ghali

Kosa langu la kwanza katika kazi ya ramani lilikuwa hili: nilichukua neno "gari" kutoka vinywani mwa watu, nikaligeuza "ghali" kwa kubonyeza kitufe mara moja, kisha nikajipongeza kwa usafi wa kazi yangu. Naanza nalo kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kulipamba. Najijua.

Wakati huo nilikuwa na miezi mitatu katika ofisi ndogo ya wahandisi mjini Kitale. Ofisi ilikuwa imepewa kazi ya kupanga njia ya mabasi kwenye barabara kuu, kutoka mtaa wa Kibomet hadi steji ya mabasi. Njia hiyo ingepita katikati ya barabara, ikiwa ya mabasi makubwa pekee, na ingewekewa uzio wa vyuma pande zote mbili ili bodaboda, mikokoteni na malori ya mahindi kutoka Tongaren yasiingie humo. Basi lingeondoka Kibomet na kufika steji bila kukwama nyuma ya chochote. Niliipenda picha hiyo tangu siku ya kwanza. Mimi hupenda kitu kinachokwenda moja kwa moja.

Sikuwa na cheti. Kwetu ni karibu na Kibabii, upande wa Bungoma, na kwa miaka miwili baada ya kidato cha nne nilikuwa nikipita kando ya ua wa chuo kikuu nikielekea kwenye vibarua vya mjengo, uso nimeugeuzia upande wa pili. Ramani na majedwali ya kompyuta nilijifundisha kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikirudia video ile ile mpaka nikajua mwalimu atakohoa wapi. Mtu aliyejifunza hivyo hubaki na hofu moja isiyoisha, kwamba kuna jambo dogo ambalo kila aliyeketi darasani analijua, na yeye peke yake halijui. Kila asubuhi nilifika ofisini nikidhani ndiyo siku nitakayogunduliwa.

Halafu kulikuwa na l na r, herufi ambazo kwetu hubadilishana vinywani. Nikiwa kidato cha tatu nilipelekwa Kitale kukaa kwa shangazi, na wiki ya kwanza shuleni nikasoma insha mbele ya darasa, nikasema "balabala". Muhula mzima jina langu likawa Balabala. Tangu hapo nilikuwa nikisimama mbele ya kioo cha shangazi kila asubuhi nikijisomesha: lori, rula, ruhusa, lawama, barabara. Nikapona. Lakini kupona huko kulinigeuza askari wa herufi hizo mbili, na nikawa nazisikia kwa kila mtu aliyefungua kinywa.

Kabla ya mchoro tulitumwa barabarani kuwauliza watu maswali. Tulikuwa vijana sita, wengi wetu wa Bungoma, pamoja na msichana mmoja wa Kibomet ambaye alisalimiwa na kila mtu tuliyepishana naye. Swali la saba lilikuwa: shida yako kubwa kwenye barabara hii ni nini? Tuliandika jibu kwa mkono kwenye karatasi, kwa maneno ya mwenyewe, kisha mimi nikaingiza karatasi zote kwenye kompyuta.

Safu ya swali la saba ilinikera mwili mzima. Mmoja aliandika "gari". Mwingine "gali". Mwingine "gari sana". Wachache "ghali". Nikajiambia kwamba nimeelewa: watu wanalalamika kuwa nauli ni ghali, wanalitamka neno vibaya, na wenzangu wameandika walivyosikia. Niliona aibu kwa niaba yetu sote. Nikaiagiza kompyuta itafute kila "gari" na kila "gali" katika safu ile, iweke "ghali" mahali pake. Safu ikanyooka kutoka juu hadi chini. Niliitazama kwa muda kama mtu anayetazama nguo alizopiga pasi mwenyewe.

Injinia wetu, mwanamke ambaye wazazi wake walihama kutoka Nyeri kuja kulima Trans-Nzoia, aliniambia hajapewa jedwali safi kama lile kwa muda mrefu. Nililala na sifa hiyo wiki nzima. Na mchoro ukafuata hesabu ya safu hiyo ya saba. Kwa kuwa shida ya watu ilikuwa nauli, kuvuka barabara hakukuonekana kumsumbua mtu. Vyuma vikachorwa bila kukatika katika sehemu yote yenye maduka, na vivuko vya watu wa miguu vikawa viwili tu, kimoja mwisho wa huku na kingine mwisho wa kule. Baada ya wiki mbili mchoro ungewekwa mbele ya wananchi ukumbini. Ukipita hapo, barabara ingejengwa hivyo.

Utaratibu ulitaka mmoja wetu awarudie watu wachache kuhakikisha majibu yao. Injinia alinipa kumi. Watatu wa kwanza sikuwapata. Wa nne alikuwa mzee mmoja Kalasinga, Mhindi wa kilemba mwenye duka la vyuma na mabati, ambaye Kiswahili chake hakikuwa cha Bungoma wala cha kujifunzia kwenye kioo. Nilimsomea jibu lake: swali la saba, shida yako ni ghali, yaani nauli.

Akavua miwani. "Nani alisema hivyo?"

"Ni wewe, mzee."

"Kijana, mimi niko na gari mbili nyumbani. Nauli nampa nani?"

Mfanyakazi aliyekuwa akipima misumari alicheka mpaka ikamwagika mingine sakafuni. Mzee hakucheka. Alinishika mkono akanitoa mlangoni. "Nilisema gari. Hiyo. Na hiyo. Na hiyo nayo," akawa anaonyesha kila iliyopita. Akanieleza kwamba stoo yake iko ng'ambo, inatazamana na duka, na kwamba kila mara mtu wake akivuka na mabati kichwani, yeye husimama pale mlangoni na kazi nyingine yote inasimama. Kisha akauliza kuhusu vyuma, maana habari zake alikuwa amezipata. "Nikitaka kwenda stoo yangu, nitaruka hiyo vyuma kama mbuzi?"

Nilirudi ofisini, nikafungua jedwali na kwa mara ya kwanza nikamsoma mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mama wa Kibomet anayefulia watu nguo, anayekuja mjini kwa miguu. Swali la saba: ghali. Swali la nane, angependa nini kibadilike: mahali pa kuvuka na mtoto. Safu ya saba niliisafisha Jumanne na ya nane Jumatano. Sikuwahi kuzisoma pamoja. Nilikuwa nimesoma safu, sikuwa nimesoma mtu.

Mpango wangu wa kwanza haukuwa wa heshima. Ilikuwa Ijumaa, na niliamua kwamba Jumatatu nitakitumia kitufe kile kile kinyume, kila "ghali" irudi "gari", kisha nitamwambia injinia kwamba nimepata jedwali bora zaidi. Mchoro ungebadilishwa na hakuna ambaye angejua. Niliufanyia mazoezi uongo huo nikitembea, kama nilivyofanyia mazoezi lori na rula.

Jumamosi nikaenda nyumbani kumwona mama. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, nikaketi kumsaidia. Aliniuliza kama ninakula vizuri. Aliniuliza mbona sikuja mwezi uliopita, na kabla sijajibu akanijibia mwenyewe.

"Najua, papa," akasema, kwa jina analoniitia tangu utotoni. "Nauli iko gari."

Mikono yangu ikasimama. Nikamwomba arudie.

"Nauli iko gari. Si wewe ndiye unailipa?" Akanitazama kwa shaka. "Kwani nimesema vibaya?"

"Hapana, mama. Umesema sawa."

Tukaendelea kupukuchua, lakini nilikuwa nimeona mpango wangu ukianguka. Kwenye ile safu kulikuwa na watu kama mzee wa mabati, waliosema gari na kumaanisha gari. Kulikuwa pia na watu kama mama, waliosema gari wakiwa wanamaanisha ghali. Kitufe changu hakikuweza kuwatofautisha. Nikikibonyeza kinyume nitamrudisha mzee na kumfuta mama. Njia pekee ilikuwa kuzirudia karatasi moja moja, na karatasi zilikuwa kabatini kwa injinia, na mtu mmoja asingezimaliza kabla ya mkutano. Kwa hiyo ilibidi niseme.

Nilikuwa nimeyaandika maneno ya kusema kwenye kijitabu. Jumatatu nilipoketi mbele yake yote yakaniruka.

"Madam, nimeharibu swali la saba."

Akaniuliza nimeliharibu vipi, nikamweleza yote, hata ule mpango wa Ijumaa, ambao hakuna aliyeniuliza. Kitu fulani kikishafunguka ndani yangu huwa sijui mahali pa kukifungia. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Nilikuwa nikingoja aniambie niache funguo za ofisi mezani. Akauliza kama karatasi zote zipo. Nikasema zipo.

"Na chanzo ni l na r?"

"Ndiyo, madam."

"Baba yangu ana rori. Tangu nizaliwe ana rori, hajawahi kuwa na lori." Alilisema bila tabasamu, kisha akaweka kikombe chini. "Hii ingepita, ni mimi ningesimama mbele ya watu kutetea hizo vyuma. Siku nyingine kazi ikiwa chafu, uniletee ikiwa chafu. Usinipanguzie."

Akawaita wenzangu wote. Nilisimama nikawaeleza nilivyoyageuza maandishi yao. Wengine waliguna. Yule wa Kibomet alikunja mikono.

"Ati ulikaa kwa kompyuta ukatusahihisha sisi wote? Si ungeuliza tu, bana. Hao watu nawajua hadi nyumba zao."

Na kweli aliwajua. Tulisoma karatasi kwa sauti siku mbili, tukizitenga mafungu matatu mezani: gari, ghali, na hatujui. Mara nyingi jibu la nane lilitufungulia la saba. Mtu akitaka mabasi yawe ya bei nafuu, alimaanisha ghali. Akitaka daraja au askari wa kuwavusha watoto, alimaanisha gari. Karatasi ilipokataa kusema, msichana wa Kibomet aliitazama na kusema, huyu ni fulani, anauza viazi pale, twende. Tukaenda. Nilijifunza kusimama mbele ya mtu na kumwambia kwamba sikumwelewa, jambo ambalo hapo awali ningekuwa tayari kulipa ili nisilifanye. Hakuna aliyenicheka kama nilivyotarajia. Mwanamke mmoja wa mitumba alitusikiliza tukimweleza tofauti ya maneno hayo mawili, halafu akasema, "Andika zote mbili. Gari ni mingi, na nauli ni ghali. Kwani ni lazima nichague?"

Tukaandika zote mbili.

Fungu la gari lilipomalizika lilikuwa refu kuliko la ghali. Injinia alilichukua, akafunga mlango wake, na alipotoka vyuma vilikuwa vimekatwa mahali pengi. Vivuko vilikuwa vitano. Alituonyesha bila maneno mengi, kisha akanituma kwenda kuchapisha mchoro mkubwa wa ukutani.

Ukumbini watu walikuja zaidi ya viti. Waendesha bodaboda walitaka kujua watasimama wapi, na walilitaka jibu hilo kwa sauti kubwa. Mzee wa mabati alitafuta kivuko chake kwenye mchoro, akapima kwa kidole, akalalamika kwamba hakiko mbele ya mlango wake, kiko mbele ya mlango wa mshindani wake. Injinia alimwambia kwamba ni hatua chache tu. Mzee akasema hatua chache na mabati kichwani si hatua chache, lakini akatia sahihi ya kuukubali mchoro. Mama wa kufua nguo naye alikuwa amekuja na mtoto mgongoni. Alisimama mbele ya mchoro kwa muda, kisha akaniuliza mimi, si injinia, kama mtu akifika katikati na basi linakuja kuna mahali pa kusimama. Nilianza kusema ndiyo. Nikajizuia, nikamwambia sijui, nikamwita injinia. Mahali hapo hapakuwepo. Injinia alichukua penseli sikioni kwake akapachora pale pale ukutani, na mama yule akapaangalia mpaka mstari wa mwisho ulipofungwa. Jioni mchoro ulikubaliwa pamoja na ile alama ya penseli.

Mabasi bado hayajaanza. Udongo umepimwa, miti imewekewa alama, na tunaambiwa ujenzi utaanzia upande wa Kibomet. Mimi bado niko kwenye ofisi ile ile, sina cheti, na bado hukagua kazi yangu mara nyingi kuliko inavyohitaji. Kilichobadilika ni kwamba jibu la mtu sasa naliacha lilivyo mpaka nimsome yeye mzima, na nisipomwelewa naenda kumuuliza.