Mpilipili wa Kaburi la Hironimus

Bodaboda ilinishusha Mpitimbi mchana wa Septemba, vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi. Sikuwa nimewahi kufika pale. Nilikuwa nimeelekezwa chumba kwa mjane mmoja, Mama Notburga, na nilimkuta anafunga mzigo kwa kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwambie dereva asiondoke, atanipeleka stendi. Binti yangu Pamela kajifungua mapacha huko Mbesa na hali yake si nzuri. Ufunguo huo hapo. Njoo uone mti."

Hakuniuliza natoka wapi. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi la mumewe, Hironimus, na kando yake mpilipili wa kimo cha mtu. Sisemi pilipili ya kula. Huu ni mti wa kivuli, nimeukuta katika miji mikavu ya nchi kadhaa, wa kijani mwaka mzima, matawi yake yakining'inia kama nywele zilizoloa. Hironimus aliufahamu Dodoma alikofanya kazi, akaomba azikwe chini ya kivuli chake.

Mpilipili wa kwanza, alinieleza, ulipandwa siku ya mazishi. Watu walitoka kaburini wakanawa mikono, kama ilivyo desturi, na mabeseni yakamwagwa hapo shinani. Tangu hapo kila aliyekuja kusalimia kaburi aliona matawi yameinama, akadhani mti una kiu, akauonea huruma, akachota maji. Kiangazi chote. Mti ukanawiri haraka, lakini mizizi ilibaki juu juu ilikozoea kunyweshwa. Mwaka wa nne ulikuja upepo unaotangulia mvua, ukaung'oa. Ulivunja msalaba.

"Ulilia, mama?"

"Nilichukua panga. Kuni zilikuwa nzuri."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Huu wa pili anaunywesha mara moja kwa mwezi, ndoo tatu, polepole, maji yazame mizizi iyafuate. Maji ya mwezi huu ulikuwa umeshayapata wiki iliyopita.

Shemeji yake, mzee Kajetani, alitokea kwenye njia ya kisimani na ndoo mkononi.

"Mti wa kaka unalia, shemeji, na wewe unautazama tu!"

"Haulii. Umeumbwa hivyo."

"Hata mimi nimeumbwa hivi nilivyo, lakini nakunywa."

"Wewe unakunywa pombe ya ulanzi."

"Ulanzi nao una maji ndani," alisema Kajetani, akanikonyeza.

Mama Notburga hakucheka. Alimpokea ndoo, akaimwaga kwenye mtungi wa jikoni, akamrudishia tupu. Kisha akanigeukia mimi.

"Nikiwa njiani atarudi. Usimruhusu. Huu ukianguka sipandi mwingine, Hironimus atalala juani."

"Utarudi lini?"

"Sijui."

Alipanda pikipiki, mzigo mapajani, akatazama mbele. Sikuona akipunga mkono. Vumbi lilipotua nilizunguka nyuma ya nyumba, nikakaa chini, mgongo wangu ukigusa shina.

Kajetani alirudi, ndoo imejaa hadi ukingoni.

"Ameshaondoka?"

"Ameondoka, baba."

"Basi sogea kidogo, mgeni, usiloe."

Sikusogea. Alinitazama, akautazama mti, akatua ndoo. Akavuta kigoda kutoka jikoni, akakaa mbele yangu kungoja nichoke.