Mkwaju Uliovishwa Kanzu

Mkwaju wa kijijini kwetu ulishonewa kanzu, na fundi alitoka Nguvumali na futi yake shingoni kuja kuupima.

"Mwenzenu huyu amekula walima ngapi?" aliuliza, akiuzungushia futi ile mara ya tatu. "Na mikono nitie, au basi?"

Miaka hiyo ya hamsini, meli ikitia nanga Tanga, wageni walipakiwa kwenye magari wakaletwa kutazama magofu yetu. Magofu waliyatazama dakika chache. Muda uliobaki walichonga majina yao kwa visu kwenye mkwaju uliosimama kati ya makaburi ya kale. Mwisho shina lilibanduka gome karibu pande zote, na matawi ya juu yakaanza kukauka.

Aliyeumia ni shangazi yangu, mjane, aliyeishi kwa kuuza ukwaju wa mti ule. Aliwafuata wazee wa msikiti.

"Shikamooni. Mti ukifa, mtanilisha nyinyi?"

Wazee, ambao wake wao wenyewe waliwashinda kuwalisha, waliona heri kuutibu mti.

Tulisiriba majeraha kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Wageni waliofuata wakaubandua, wapate kuona kama chini yake kuna majina ya zamani zaidi. Ndipo lilipokuja shauri la kanzu ya merikani, ndefu mpaka mizizini.

Wageni waliacha kuchonga, hilo ni kweli. Ila sisi tulijisahau. Pwani yetu, kitu kikifunikwa kitambaa cheupe makaburini hakiachwi hivi hivi, huwekewa nadhiri. Haukupita mwezi, watu walikuja mpaka kutoka Pongwe, na ubani na marashi, na kila mwenye haja alipigilia msumari shinani, juu ya kanzu, afunge kitambaa chake. Imamu alikemea siku ya Ijumaa. Jumamosi mkewe alionekana na nyundo.

Shangazi alitaka kanzu ivuliwe, aone kama gome limefunga.

"Subiri kidogo, dada," alisema mmoja wa wazee wale wale. "Posa ya kijana wangu haijajibiwa."

"Na mguu wangu je?" akadakia mwenzake.

Msimu wa maua ulipofika, tawi moja tu lilichanua. Wengine walisema mkwaju unapona. Wengine walisema mti unaokufa huchanua hivyo mara ya mwisho. Shangazi aliwasikiliza wote, na kanzu ilikuwa bado haijavuliwa.