Nilivyoipiga Marufuku Pamba Zagayu

Kwa kuwa nafundisha Kiingereza sekondari, nilipewa kazi ya kumtafsiria mtaalamu wa pamba kutoka nje. Nikasimama kifua mbele, nikiwatazama wakulima wa kijiji cha Zagayu.

Mgeni akasema, "For now, don't plant cotton."

Nikatangaza, "Kuanzia sasa, msipande pamba!"

Mzee mmoja akainuka na fimbo yake ya kuchungia. "Mwalimu, pamba ndiyo imetusomeshea watoto. Tuache kabisa?"

"Kabisa," nikajibu. Wanaume wakaanza kumsogelea mgeni.

Ndipo Nkwimba, niliyemfundisha zamani, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. 'For now' ni 'kwa sasa' tu. 'Kuanzia sasa' ni 'from now on'. Ulinichapa fimbo nne kwa kosa hilo hilo."