Sufuria ya Fundi wa Magitaa

Kila siku ya soko pale Malaba, fundi wa magitaa anayepanga chumba mkabala na Beldina huenda buchani kununua mfupa wa muundi wa fahali mzee. Muuzaji akimbembeleza achukue na nyama, hujibu, "Nyama kula wewe, boss. Mimi nipe mfupa." Huugonga kwenye jino la mbele, akafumba macho na kusikiliza mlio wake, kisha hurudi nao ameufunga kwa gazeti, akiubeba kwa mikono miwili kama keki ya harusi. Vidole vyake vyeupe kwa vumbi la msasa huukatakata kwa msumeno mdogo, vipande vya kubebea nyuzi za gitaa. Beldina, mwimbaji wa kwaya, alikuwa akimwona na mfupa tu, roho inamuuma: mwanamume mzima, kila wiki supu ya mifupa mitupu!

Alhamisi iliyopita, fundi alipotoka kutafuta kuni, Beldina aliifunua sufuria iliyokuwa ikichemka uani, akatia chumvi, vitunguu na nyanya mbili, akaonja. Povu likamjaa mdomoni. Fundi aliporudi alimkuta akitema, vitunguu vikielea juu ya sabuni ya unga aliyoiweka kutoa mafuta mfupani. "Mfupa huu ni wa gitaa la kwaya yenu," alisema. Aliuopoa mfupa kwa koleo, akaupangusa nyanya, akaugonga kwenye jino. Beldina alisogea karibu asikie, maana gitaa hilo lilikuwa bubu tangu Pasaka. Fundi alifumba macho kwa muda mrefu.

"Mfupa umekubali," alisema hatimaye. "Lakini siku ingine ukinionea huruma, mama, ongeza sabuni."