Tulimzika kwa Nusu ya Sura

Wasomaji wangu, juma lililopita tulimzika mchungaji mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua. Mimi mwenyewe nilianza kumjua kutoka upande wa pili wa meza, katika maktaba ya kitivo kimoja cha teolojia hapa Bukavu. Figo zilikuwa zimemsumbua tangu mvua zilipoanza, hospitali ikamrudisha nyumbani, na asubuhi moja mke wake akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Ningependa kuandika kwamba tulimzika kwa heshima. Nyimbo zilikuwepo, maua yalikuwepo, hata magari yalikuwa mengi kupita kawaida yetu. Lakini tangu siku ile naona haya kupita karibu na nyumba yake, na sababu ni andiko lililosomwa kaburini.

Alitoka Luhwindja, kwenye dhahabu. Katika machimbo aliyoyahudumia, shimo jipya halikufunguliwa hivi hivi. Mchungaji aliitwa, wachimbaji wakavua kofia, ikasomwa ile sura ya Ayubu inayosimulia jinsi binadamu anavyotoboa miamba, anavyoning'inia kwenye kamba mbali na watu, anavyopindua milima na kukileta nuruni kitu kilichofichika. Hapo mchungaji alifunga Biblia, akaomba, na watu wakashuka. Alifanya hivyo miaka mingi, kisha akaja Bukavu na mvi zake kuandika mémoire, tasnifu ya kumalizia masomo, juu ya sura hiyo hiyo, akitaka kuonyesha kwamba Mungu mwenyewe amewakabidhi wachimbaji mlima wao.

Msimamizi wake alimtaka aanze pale wanapoanzia wanafunzi wote wa Biblia: aonyeshe andiko lake linaanzia wapi, linaishia wapi, na kwa nini. Yeye aliona ni kazi ya asubuhi moja. Nilikuwa mkabala naye nikipekua kamusi, nikamwona akirundika vitabu vya ufafanuzi, vya Kifaransa karibu vyote, vingine majalada yameshikwa na gundi. Alilinganisha tafsiri, akafuata marejeo ya chini ya ukurasa kutoka kitabu hiki hadi kile, akitafuta hata kimoja kitakachokubali kuishia pale alipoishia yeye. Hakukipata. Vyote vilisonga mbele hadi kwenye swali: huyu anayejua kutoa kila kitu ardhini, hekima ataitoa wapi? Tena hadi kwenye jibu, kwamba haimo shimoni wala hainunuliwi kwa dhahabu; hekima ni kumcha Mungu na kujitenga na uovu. Alivua miwani akaniangalia.

"Papa, we unaandikaka mu journal. Mutu akisomea batu nusu ya neno, iko anabadanganya?"

"Inategemea kama anajua kuko nusu ingine," nikamjibu.

"Iko ku page moja. Nilikuwa naionaka. Nilikuwa nafunga tu Biblia, juu pale njo bazee walinifundisha kufunga. Na batu banashuka mule ndani na ile neno yangu."

Aliona aibu mbele yangu waziwazi, na mimi nikajifanya nimerudi kwenye kamusi. Meza zilizotuzunguka zilijaa vijana waliokuja kuchaji simu, na nisijifanye mtakatifu, simu yangu ilikuwa kwenye prizi hiyo hiyo. Angeweza kuiacha aibu yake pale pale. Mémoire ilikubaliwa, wakampongeza, ikawekwa rafuni. Hakuna mwalimu aliyemwambia aibebe hadi Luhwindja, maana kwetu utafiti ukishatetewa umekwisha kazi.

Yeye aliibeba. Walipomwita kubariki shimo lingine, mlima ukiwa umelowa kwa mvua, aliisoma sura yote hadi mwisho, akawaomba radhi wachimbaji kwa miaka yote aliyowakatia neno. Vijana wakautazama mlima, wakatazamana, na siku ile hakushuka mtu. Mwenye shimo, ambaye kule wanamwita PDG kama mkurugenzi wa kampuni, hakupiga kelele. Alikwenda tu kwa wazee wa kanisa na kudai mchungaji mwingine, akapewa. Rafiki yangu akarudi Bukavu na mke wake kupanga chumba kimoja, bila kanisa. Sijui kama shimo lile liliporomoka baadaye. Hakuniambia, nami sikuuliza.

Basi juma lililopita PDG huyo alikuja mazikoni, na yale magari yalikuwa yake. Mchungaji aliyemrithi marehemu akatangaza kwamba atasoma andiko ambalo ndugu yetu alilipenda kuliko yote. Akalisoma vizuri, kwa sauti ya kutetemesha, hadi pale kitu kilichofichika kinapoletwa nuruni. Akafunga Biblia. Sote tukasema amina, na yangu ilisikika.

Watu walipoanza kutawanyika, mjane alinijia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Papa, we ulikuwa unajua pale inaendelea. Juu ya nini haukusema?"

Nikamwambia, "Maman, mazikoni si mahali pa kusahihisha mutu."

"Bwana yangu alisoma yote mbele ya PDG, na alikuwa na kanisa ya kupoteza. We ulikuwa na nini?"

Nimelitafutia swali hilo jibu siku zote hizi. Sina kanisa, na PDG hata jina langu halijui. Sikuwa na chochote cha kupoteza, na bado nilinyamaza. Katika safu hii nimelalamika mara nyingi kwamba mji wetu hauna vitabu vya kutosha, na nilipigiwa makofi kwa kulalamika. Leo nasema jingine, na linanihusu mimi kabla halijawahusu ninyi: tusiombe vitabu zaidi kabla hatujajifunza kuyasema mbele za watu yale tuliyokwisha kuyasoma.