Ugali wa Wageni Ndani ya Kiini

Sipendi kushindwa, na kushindwa na kitu nilichokiunda mwenyewe ndiyo sipendi kabisa. Nilikuwa nimemfungia mama mmoja, mfanyabiashara wa samaki mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia, kompyuta ndogo ya kusimamia chumba chake cha baridi. Asubuhi mitumbwi ikileta sangara kwa wingi na mlango ukifunguliwa kila mara, kompyuta inazima, na baridi inakatika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, samaki hawasubiri. Ikizima tena naing'oa, namrudisha fundi wangu wa zamani."

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea. Iking'olewa, mwalo mzima ungejua kabla ya adhuhuri.

Nikarudi nyumbani, Buswelu, na hasira zangu. Kiini cha mfumo, ile programu inayozitawala nyingine zote, huipa kila kazi rundo lake: eneo la kumbukumbu la kuweka vitu vya muda. Ni dogo, na haliongezwi. Kazi ikizidisha, inamwagikia rundo la kazi jirani, na anayeanguka ni jirani. Ndiyo maana kila siku nilikuwa namkamata asiyehusika.

Basi nikaacha ukurasa mtupu wa kumbukumbu mwishoni mwa kila rundo, kama uzio wa minyaa kati ya kaya na kaya. Atakayeukanyaga anakamatwa hapohapo. Nikawasha kompyuta yangu ya majaribio, pacha wa ile ya mwaloni, nikailemea kwa makusudi. Akakamatwa! Ulikuwa mstari wa programu niliouandika mwenyewe, uliotenga nafasi ya vipimajoto ambavyo mama yule hana, eti huenda siku moja vikaja.

Nilicheka peke yangu. Kwetu ndivyo tunavyopika. Mama yangu hasongi ugali wa watu waliopo tu. Anasonga na wa mgeni ambaye hajatoka hata kwake. Nami nilitaka kuusonga huo ndani ya kisufuria cha chai. Nikaihamishia nafasi ile kwenye kumbukumbu ya jumla, kwenye upana wa kutosha.

Kesho yake alfajiri nilimwekea mama yule programu mpya, na sangara walijaa hadi mlangoni. Kompyuta haikutetereka. Nilisimama pale kifua mbele mpaka mtumbwi wa mwisho ukapakuliwa, na sitaficha, nilijiona mkubwa.

Jumapili yule mama alitokea kwetu bila taarifa, na dada zake, na sangara mzima kwenye beseni.

"Hodi! Fundi wangu yuko wapi?"

Mama yangu alikuwa ndiyo kwanza ameipua ugali. Ulitutosha wote.